Kinachofupisha Siku za Elektrodi

Mhadhara kwa wananchi wa Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe



Mtu akisikia kwamba Ikinga kuna mhadhara juu ya elektrodi za viwandani, ana haki ya kuuliza kiwanda chenyewe kiko wapi. Sisi wa Ileje tunajulikana kwa kahawa, mahindi na makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo. Lakini hebu fikeni Tunduma mtazame foleni ya malori yanayoingia kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Mengi yamebeba mabamba ya shaba, yamefungwa mafungu mafungu kwa mikanda ya chuma, yakitoka Copperbelt ya Zambia na Katanga ya Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA imekuwa ikipitisha shaba mpakani hapo tangu 1976, na tangu 2019 maofisa wa nchi mbili wanahudumia malori katika kituo kimoja cha pamoja. Kila bamba lina upana wa karibu mita moja, na usafi wake ni asilimia 99.99.

Bamba lile ni elektrodi. Halikumiminwa kwenye kalibu. Liliota kidogo kidogo ndani ya tindikali, umeme ukipita. Katika viwanda vinavyotoa shaba kwenye tindikali kwa umeme, mbele yake, umbali wa sentimita chache, lilisimama bamba jingine, la risasi, ambalo halivuki mpaka. Hilo hubaki kiwandani likipokea zamu baada ya zamu, hadi siku linapochoka na kutolewa. Leo nataka tuulize kwa nini mara nyingi siku hiyo huja kabla ya wakati wake.

Hoja yangu ni moja. Elektrodi hailiwi sana na kazi yake. Inaliwa na mambo yanayoizunguka kazi: umeme unaokatika na kurudi, uchafu mdogo usioonekana kwa macho, kiungo kilicholegea, na uamuzi wa mtu anayeokoa shilingi leo ili wenzake walipe elfu mwakani. Nitaanza na risasi ya Katanga na Zambia, nipite kwenye betri zilizomo majumbani mwetu, nifike kwenye dhahabu ya mkoa wetu huu wa Songwe, kisha nimalizie na jambo ambalo kijana anayekwenda kutafuta kazi migodini anaweza kulifanya.

Mabamba mawili ndani ya tindikali

Elektrodi ni mahali ambapo umeme unauacha waya na kuingia kwenye kitu kingine: maji ya chumvi, tindikali, madini yaliyoyeyuka. Huwa zinakwenda mbili mbili. Katika seli inayolishwa umeme, ya upande wa chanya huitwa anodi na ya upande wa hasi huitwa kathodi.

Kiwandani, mawe yenye shaba husagwa na kulowekwa kwenye tindikali ya salfuriki mpaka shaba itoke kwenye jiwe na kuingia kwenye maji. Maji hayo yakishasafishwa hupitishwa katikati ya mabamba. Kathodi huivuta shaba ikajijenga juu yake. Anodi haitoi kitu cha kuuzwa: usoni pake maji hupasuliwa, oksijeni hutoka kwa povu, na tindikali iliyotumika huzaliwa upya ikarudishwa kwenye mawe.

Hesabu yake haina ujanja. Ampia moja ikipita kwa saa moja huweka takriban gramu 1.19 za shaba, wala haiwezi kuweka zaidi. Chukua kathodi yenye nyuso mbili za mita mraba moja kila mmoja, upitishe ampia 300 kwa kila mita mraba kwa siku 7. Kwa hesabu ya karatasi utapata karibu kilo 119. Kiwandani itapungua kidogo, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani. Ukibandua pande zote mbili unapata mabamba mawili yenye kilo 50 na ushei kila moja. Ndiyo yale yanayopita Tunduma.

Kazi hii si ngeni katika ukanda wetu. Kiwanda cha Shituru, kule Likasi, Katanga, kilianza kutoa shaba kwa umeme mwaka 1929. Mwaka 1974, Chingola nchini Zambia, mgodi wa Nchanga ulifungua mtambo mkubwa wa kutoa shaba kwenye mabaki ya mchanga yaliyokwisha kutupwa. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Townsville, Australia, walianza kutumia kathodi ya chuma cha pua ambayo shaba inabanduliwa juu yake na yenyewe ikarudi kazini. Viwanda vingi vya Afrika vimeifuata njia hiyo.

Anodi nayo ni risasi iliyochanganywa na kalsiamu na bati kidogo, ikafinywa kwa rola ikawa bamba lenye unene wa milimita chache. Ikitunzwa, hufanya kazi miaka mitano na zaidi. Hapa pana jambo la kushangaza. Bamba la risasi limezama kwenye tindikali kali yenye joto la nyuzi 45 hadi 50, na usoni pake oksijeni inachemka mchana na usiku. Kwa nini halimaliziki kwa wiki moja?

Jibu ni kwamba umeme wenyewe unalivika bamba hilo utando. Risasi ya juu huungana na oksijeni ikawa oksidi ya rangi ya kahawia iliyokolea, ngumu, iliyoshikana, na inayopitisha umeme vizuri. Oksijeni huchemkia juu ya utando huo. Risasi ya ndani haiguswi. Utando ukichakaa mahali, mkondo wa umeme huujenga tena pale pale. Basi anodi ya risasi inalindwa na kazi yake. Kadiri inavyofanya kazi kwa utulivu, ndivyo inavyodumu. Shikeni hapo, maana mengine yote ninayosema leo yametokana na hapo.

Umeme ukikatika

Sasa zima umeme. Kwa muda mfupi tu seli hugeuka. Kabla ya hapo ilikuwa inakula umeme; sasa, ikiwa na oksidi ya risasi upande mmoja, shaba upande wa pili na tindikali katikati, inaanza kutoa umeme wake. Ina maana ule utando unavunjwa. Oksidi ya kahawia inageuka salfeti ya risasi, kitu cheupe kisichopitisha umeme na kinachochukua nafasi kubwa kuliko kilichokuwapo. Shaba nayo iliyokwisha kuota inaanza kurudi kwenye tindikali.

Umeme ukirudi, salfeti inageuzwa tena kuwa oksidi, lakini haikai kama ilivyokuwa. Imevimba, imesinyaa, imepasuka. Inabanduka magamba magamba. Nyingine inaanguka chini ya tangi ikawa tope. Nyingine inaelea mpaka ikanasa kwenye shaba inayoota. Chini ya gamba lililotoka, risasi mpya iko wazi, nayo inalazimika kujivika utando kwa kujila yenyewe. Kila mara umeme unapokatika na kurudi, anodi inalipa kwa unene wake.

Hasara haiishii kwenye anodi. Shaba ya daraja la juu inayouzwa kwa masharti ya soko la metali la London hairuhusiwi kuwa na risasi zaidi ya gramu 5 kwa tani moja. Magamba machache yakinasa, bamba zuri kwa macho linashuka daraja. Mnunuzi wa ng'ambo analipa pungufu kwa sababu ya usiku mmoja wa giza Kolwezi, Kongo, au Chingola.

Umeme unaofika Kolwezi kutoka bwawa la Inga unasafiri kilomita 1,700 hivi kwa njia moja iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia ndefu hivyo ina mahali pengi pa kukatikia. Zambia nayo, mwaka 2024, ukame ulilishusha ziwa Kariba kiasi kwamba mgao wa umeme ulikuwa wa saa nyingi kwa siku, na migodi ikabidi itafute umeme nje ya nchi. Ndiyo maana mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaokusudiwa kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia, hauhusu taa za nyumbani peke yake. Umeme usiokatika ni dawa ya anodi.

Kiwanda chenye busara hakisubiri gridi iwe kamilifu. Huweka jenereta na rektifaya ndogo ya akiba, kifaa kinachonyoosha mkondo wa umeme, ambayo, umeme mkubwa ukizimika, hupitisha mkondo mdogo wa kulinda. Mkondo huo hauzalishi shaba ya maana. Kazi yake ni kuizuia seli isigeuke. Mhasibu akiutazama ataona dizeli inachomwa bila mazao, na ndipo mvutano unapoanza kati yake na msimamizi wa zamu. Msimamizi asipokuwa na kumbukumbu za kuthibitisha kile ambacho kila ukatikaji umemgharimu, mhasibu atashinda.

Risasi hiyo hiyo nyumbani

Kisa hiki cha risasi na tindikali ya salfuriki mnakijua, hata kama hamjawahi kuvuka Nakonde. Mfaransa Gaston Planté alikitia kwenye chupa mwaka 1859, nasi tunakiita betri. Bamba la chanya la betri ya lori lina oksidi ya risasi ile ile ya kahawia. Betri ikitoa umeme, oksidi inageuka salfeti. Ikichajiwa, salfeti inarudi kuwa oksidi. Kinachoiumiza anodi ya Katanga kwa bahati mbaya, betri imeundwa ikivumilie, lakini kwa kiasi.

Kiasi hicho ndicho tunachokivuka. Wengi wetu tuna sola juu ya bati na betri chini ya kitanda. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.0 imebakiwa na robo hivi. Salfeti iliyotoka kuzaliwa ni chembe ndogo, chaji ya kawaida inaiyeyusha. Ukiiacha betri imekaa tupu kwa siku nyingi, chembe zile zinaungana, zinakuwa fuwele kubwa ngumu, na chaji haizigeuzi tena. Wakati wa masika, mawingu yakitulia juu ya milima yetu wiki nzima huku televisheni na simu za majirani zikiendelea kunywa, betri inalala nusu tupu kila usiku. Ikifa, mwenyewe husema imetumika sana. Sivyo. Imelala na njaa sana.

Vifo vingine vya betri vinatoka dukani na kisimani. Betri ikipungukiwa, kilichotoka ni maji. Tindikali imebaki ndani. Anayejaza tindikali juu ya tindikali anaikoleza, nayo inakula mabamba. Anayejaza maji ya kisima anaingiza chuma na kloridi, ambavyo kwenye betri ni wageni wabaya; habari za kloridi nitazieleza sasa hivi. Maji yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa jina la maji ya betri, ni bei ndogo kuliko betri. Joto nalo lina hesabu yake: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Sisi wa milimani tumependelewa na baridi. Dereva anayeshuka Kyela au Dar es Salaam hana upendeleo huo.

Wageni wabaya na mgeni mwema

Mnajua sufuria ya alumini iliyolazwa na mboga yenye chumvi: asubuhi ina vijidoa, na vijidoa vile mwisho wake ni matundu. Alumini inalindwa na utando mwembamba wa oksidi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi hutafuta mahali dhaifu ikatoboa. Chuma cha pua nacho kinalindwa na utando wa namna hiyo, wa kromi, na adui yake ni yule yule. Katika viwanda vya shaba, wataalamu huhimiza kloridi isizidi miligramu 30 hivi kwa lita. Ikizidi, kathodi ya chuma cha pua huanza kutobolewa, hasa pale kwenye mstari ambapo tindikali inakutana na hewa. Shaba ikiota ndani ya vitundu hivyo hainasuki. Wafanyakazi wanaichonga kwa nguvu, bamba linapinda, na bamba lililopinda linalisogelea la jirani. Kwenye anodi pia kloridi ni adui: huiharakishia risasi ulaji na hutoa gesi ya klorini inayoumiza watu.

Manganizi hufika na mawe yenyewe. Ikipita kwenye anodi hugeuka oksidi nyeusi inayojibandika kwa matabaka. Matabaka hayo hayakai. Yakianguka huondoka na sehemu ya utando mzuri. Baadhi ya manganizi hugeuka pamanganeti, ambayo huharibu mafuta yanayotumika kuisafisha shaba hatua ya kabla. Dawa inayotumika ni kuhakikisha chuma kilichoyeyuka ndani ya tindikali ni kama mara kumi ya manganizi, maana chuma hicho huituliza pamanganeti kabla haijafika mbali.

Wageni si wabaya wote. Kobalti kidogo, miligramu 100 hadi 200 kwa lita, huurahisishia utando wa risasi kutoa oksijeni na kuufanya ushikane zaidi; anodi inachakaa polepole na umeme unaotumika unapungua. Viwanda vya nchi nyingine huinunua kwa fedha nyingi na kuitia kwa kipimo. Mawe ya Katanga huja nayo. Hapo mtaona kwamba swali la nini kinaingia kwenye tindikali haliwezi kuachiwa mtu wa maabara peke yake. Anayechanganya mawe ya shimo hili na la shimo lile tayari ameamua juu ya umri wa anodi.

Kiungo na mkono wa mtu

Mabamba yote ya seli moja hushiriki umeme wa pamoja. Kila moja limening'inizwa kwenye fito ya shaba, na fito imelalia reli ya shaba inayoleta umeme. Pale zinapogusana pakiwa na kutu ya shaba au chumvi ya tindikali iliyokauka, umeme unapita kwa shida, na ule uliokataliwa hapo unahamia kwa jirani. Jirani sasa anabeba mkondo wa watu wawili. Shaba yake inaota kwa haraka na kwa vinundu, utando wa anodi iliyo mbele yake unachakaa mara dufu, na kinundu kimojawapo kikirefuka kikaigusa anodi, shoti inatokea. Mahali pa shoti pana joto la kutosha kuitoboa risasi.

Kinachotakiwa kukizuia kisa hicho ni maji na brashi kila kathodi zinapotolewa, na mtu anayepita na kipimajoto au kamera ya joto akitafuta fito iliyo moto kuliko wenzake. Ni kazi ya kibarua wa chini kabisa, na kwa kawaida ndiyo ya kwanza kufutwa uzalishaji unapokimbizwa. Vivyo hivyo unyanyuaji. Risasi ni laini. Anodi iliyogongwa na winchi au kulazwa juu ya sakafu isiyo sawa hupinda, na ikipinda milimita kumi imekwisha kukaribia kathodi kwa nafasi hiyo.

Mafundi wa kuchomelea walio hapa wana ushahidi wao, maana rodi nayo ni elektrodi. Rodi za haidrojeni ndogo, zile za kazi nzito kwenye chesisi za malori, zinaharibikia stoo kabla hazijagusa chuma. Pakiti ikifunguliwa ikaachwa kwenye unyevu, ganda la rodi hunywa maji. Ukichomelea, haidrojeni ya maji hayo inaingia kwenye mshono, na mshono unaweza kupasuka baadaye. Rodi hiyo imeuawa na rafu iliyowekwa.

Dhahabu ya Songwe

Turudi mkoani. Ukanda wa dhahabu wa Lupa unaanzia Chunya na kuingia wilaya ya Songwe, kwenye maeneo ya Saza na Mkwajuni. Huko uko mgodi wa New Luika, ulioanza kuzalisha mwaka 2012, na iko mitambo midogo mingi ya wachenjuaji. Dhahabu huyeyushwa kwa sayanaidi, inakamatwa na kaboni, kisha kaboni inapelekwa kwenye elusheni: inaoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki na sayanaidi mpaka iiachie dhahabu. Maji yale yanaingia kwenye seli ya umeme, na dhahabu inanasa kwenye kathodi ya nyuzi za chuma.

Anodi hapa ni chuma cha pua, na ulinzi wake ni kostiki. Maji yakiwa na pH ya juu ya 12.5, utando wa chuma cha pua unasimama. Yakishuka chini ya hapo, anodi inaanza kuyeyuka: chuma na kromi vinaingia kwenye maji na kwenda kujibandika kwenye kathodi pamoja na dhahabu. Mwenye mtambo anayebana kostiki anaona amepunguza gharama. Kumbe anaimaliza anodi, na dhahabu yake inatoka chafu, inayohitaji dawa nyingi zaidi ya kuyeyushia tanuruni.

Kosa la pili la elusheni ni lile la kloridi. Kaboni huoshwa kwa tindikali ya haidrokloriki ili kuondoa chokaa iliyoiziba. Ikiwa haikusuuzwa vya kutosha, kloridi inayobaki inasafiri hadi kwenye seli na kuishambulia anodi. Kusuuza kunataka maji na saa moja ya ziada. Anayeiiba saa hiyo usiku, zamu inapotaka kulala, hataonekana. Atakayeonekana ni fundi wa miezi sita baadaye anayeulizwa kwa nini anodi zina matundu.

Zile zinazoliwa kwa mpango

Mtu makini atanikatiza hapa: ziko elektrodi ambazo kweli zinaliwa na kazi. Ziko, na ndizo zinazonisaidia kuthibitisha hoja. Katika kiwanda cha alumini, anodi ni kaboni iliyozamishwa kwenye madini yaliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 950 na zaidi. Oksijeni inayotoka kwenye madini inaungana na kaboni, na kila baada ya wiki tatu au nne kipande kinabadilishwa. Hivyo ndivyo walivyofanya Mozal, Matola, Msumbiji, kuanzia mwaka 2000, na ndivyo wanavyofanya Sohar, Oman, tangu 2008.

Kemia inadai kilo 333 za kaboni kwa tani moja ya alumini, si zaidi. Viwanda, hata vile bora, hutumia zaidi ya kilo 400. Kilo za juu ya 333 hazikuzalisha chochote. Sehemu yake iliunguzwa na hewa kwa sababu uso wa juu wa anodi haukufunikwa vizuri. Ulaji huo unachochewa na sodiamu na vanadiamu: sodiamu inatoka kwenye vipande vya anodi za zamani vilivyorudishwa kusagwa bila kusafishwa, na vanadiamu inatoka kwenye koki ya mafuta. Kwa hiyo hata pale ambapo elektrodi imezaliwa ili iliwe, tunaweza kuchora mstari kati ya kilichochukuliwa na kazi na kilichochukuliwa na uzembe. Mstari huo una namba, na namba inaweza kudaiwa.

Wengine walijaribu kuifuta shida hii kabisa. Katika miaka ya 1960, Henri Beer alivumbua anodi ya titani iliyopakwa oksidi ya rutheniamu, ikachukua nafasi ya kaboni katika viwanda vya klorini duniani kote. Ilisifiwa kuwa haibadiliki umbo, na ni kweli. Lakini rangi ile ya juu ina mwisho wake. Floridi ikiingia inaila titani ya chini. Mkondo ukirudi kinyume wakati wa kuzima mtambo, inaharibika. Umeme ukizidi, oksidi isiyopitisha umeme inajenga ukuta kati ya titani na rangi, na anodi inakufa ikiwa nzima machoni. Fedha nyingi zaidi zilinunua elektrodi bora. Hazikununua ruhusa ya kuacha kuitazama.

Anayekwenda mgodini

Vijana wetu wanakwenda kutafuta kazi Mkwajuni, Chingola, Kolwezi. Wengi wataanza kama vibarua wa kusafisha reli za shaba au kubandua mabamba, na wataambiwa kwamba mambo ya elektrodi ni ya wahandisi. Nimeeleza saa nzima kwamba si kweli. Umri wa elektrodi unaamuliwa na anayepiga brashi, anayepima pH, anayefungua winchi na anayesuuza kaboni usiku.

Kwa hiyo ninawaomba muanze kwa kuuliza maswali matatu siku ya kwanza kazini. La kwanza: umeme ukikatika, nani anawasha mkondo wa kulinda, na baada ya dakika ngapi? La pili: kloridi na pH zilipimwa lini mara ya mwisho, na namba iliandikwa wapi? La tatu: elektrodi iliyotolewa wiki iliyopita ilitoa kilo ngapi za shaba au dhahabu tangu siku ilipowekwa? Swali hili la tatu ndilo zito. Kuhesabu umri kwa miaka hakutoshi, kwa sababu bamba lililokaa miaka minne likiwa limezimwa nusu ya muda halilingani na lililokaa miaka minne likifanya kazi. Kilo kwa kila bamba ndicho kipimo kinachomkutanisha mhasibu na fundi kwenye daftari moja.

Mkikuta hakuna daftari, anzeni nalo. Tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutolewa, kilo zilizopatikana, mara umeme ulipokatika, sababu ya kutolewa: safu tano zinatosha. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamwambia mwenye kiwanda ni kipi kinachokula fedha yake, na nyie mliolishika mtakuwa na neno mezani ambalo cheo peke yake hakiwapi. Na wenye betri za sola mnaweza kuanza leo jioni, kwa kipima-volti cha bei ndogo na kalamu.